Gogo Lililoota Masikio

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha mbao, Bwana Meneja wa Yadi, Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa katika ukumbi huu wenye joto, mashemeji zangu wapasuaji, ambao hata mkivaa mashati ya sherehe bado mnanukia maranda, wifi zangu wa safu ya pili, wanangu, na wewe baba watoto, uliyekaa hapo mbele na tai inayokukaba utadhani si yako, na kweli si yako: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, kwa umri wake na kwa mapenzi niliyonayo kwake.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Amenionyesha kwa vidole, kisha akanionyesha tena, akidhani sikuona. Nimeona, mwanangu. Lakini mimi nimemsubiri mume wangu miaka thelathini na ushee, na wewe leo utanisubiri kidogo.

Desturi ya kiwanda hiki ni kwamba anayestaafu akishasifiwa na wakubwa, mtu wa nyumbani kwake husimama, hushukuru, husema mume wangu ni mchapakazi, hukaa. Wifi yangu mkubwa ameniandikia maneno hayo kwenye karatasi, kwa hati nzuri kabisa, na karatasi ninayo hapa mkononi. Wifi, asante. Nitaitumia kujipepea.

Mume wangu ni mchapakazi. Haya, hilo nimeshalisema. Amesimama kwenye msumeno mkubwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi na sikio lake la kushoto likiwa zima, na ninyi wenyewe mlimpa jina la Rula, kwa sababu jicho lake hupima kuliko futi. Akiingia kwa watu hupima mlango kwanza, salamu baadaye. Siku aliyokuja kuniposa alimwambia marehemu baba yangu kwamba fremu ya mlango wetu imelalia kushoto. Baba akaja jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, una hakika na huyu?" Nikasema ninayo. Kesho yake baba akaupima mlango, akakuta ni kweli umelala.

Mheshimiwa Mkurugenzi, umemsifu vizuri sana. Umesema kwamba Rula hakuwahi kukosa zamu, hata siku kifunguamimba wake alipozaliwa alikuwa kwenye msumeno. Watu wakapiga makofi. Nami nathibitisha kwamba ulilosema ni kweli tupu, Mheshimiwa, maana siku hiyo mimi nilikuwepo, na yeye hakuwepo.

Ninyi mnacheka. Chekeni sasa hivi, maana huko mbele sina hakika kama nitawachekesha tena.

Kwa wageni msioijua yadi yetu, nieleze jambo moja. Hapa mtu akiajiriwa, akimaliza muda wa majaribio, hupelekwa kwenye rundo la misonobari iliyoletwa kutoka msituni, akaambiwa: chagua. Huchagua gogo moja, akalichonga alama yake kwa patasi, na gogo hilo hupelekwa banda la nyuma, likalazwa juu ya mihimili, likaachwa lingoje. Haliguswi na mtu. Siku mwenyewe anapostaafu hulipasua kwa mkono wake, akatengeneza kitu cha kukaa nyumbani kwake maisha yake yote yaliyobaki: kitanda, kabati, mlango. Wenyewe wanaliita gogo la mwisho. Ni desturi nzuri, sibishi. Inampa mtu sababu ya kuamka asubuhi ya baridi.

Mume wangu alichagua gogo lake tukiwa bado wachumba. Wenzangu siku za mapumziko walikuwa wakipelekwa studio kupiga picha. Mimi nilipelekwa yadi kuonyeshwa gogo. Akanishika mkono, akauweka juu ya gome, akasema, "Hii ni meza yako. Watakaa watu wanane, na hakuna atakayemgonga mwenzake kiwiko." Jamani, nilicheka mpaka nikalia. Nilikuwa msichana, na hakuna mtu aliyewahi kuniahidi kitu kikubwa kiasi kile. Nilimpenda papo hapo, mbele ya gogo, na fundi wa foklifti, lile gari la kunyanyulia magogo, akitutazama.

Tukaoana, tukaingia nyumba ya vyumba vitatu, na kazi ya kwanza aliyoifanya Rula ilikuwa kupima chumba cha mbele. Akachukua rangi nyekundu, akapaka alama nne sakafuni, mahali miguu minne ya meza itakaposimama. Watoto wetu watatu wamejifunza kutembea katikati ya alama zile. Nimepiga deki nikizizunguka, na zilipofifia alizipaka upya. Nikisema tununue hata kameza kadogo ka kuanzia maisha, ananijibu, "Meza inakuja, mke wangu. Subira yavuta heri." Namjibu, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Tunacheka, mambo yanaisha.

Lakini meza ile ikawa na watoto wake. Wageni tutawaalika meza ikija. Ukuta tutaupaka rangi meza ikija, maana rangi lazima iendane na mbao. Picha ya harusi isitundikwe kwanza, tutajua pa kuitundika meza ikija. Mtu akiingia kutoka nje angedhani tumehamia jana. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kwa huruma kama tumeibiwa.

Kula mkekani si aibu, nami nimekulia mkekani. Lakini mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuja kuishi nasi akiwa na magoti mabovu, hawezi kuketi chini. Alikaa kwenye kiti chake, pembeni mwa zile alama nyekundu, sahani magotini, mikono ikitetemeka. Kifunguamimba wangu, akiwa bado mdogo, ndiye aliyekuwa akimshikia bibi yake sahani. Siku moja mtoto alikuwa shuleni, mchuzi wa moto ukamwagikia bibi mapajani. Nilipokuwa nikimfuta akaniambia, "Mkwe wangu, mwambie mume wako mimi sihitaji meza ya watu wanane. Nahitaji ubao tu wa kuweka sahani yangu."

Nilimwambia. Na Rula si mtu mbaya, asikudanganye mtu. Alimpenda mama yake kwa moyo wote. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamshika mikono, akasema, "Mama, nikikupa ubao leo utakula kwenye ubao. Mimi nataka ule kwenye meza. Nivumilie." Mama akamvumilia. Alimvumilia mpaka akatangulia mbele ya haki. Na siku ya msiba wake tuliazima meza kwa jirani, ya kuwekea kitabu cha rambirambi. Hiyo ndiyo meza ya kwanza kukanyaga zile alama, na aliyekuwa akiihitaji tulikuwa tumetoka kumzika.

Samahani. Nipeni maji. Asante, Mwenyekiti.

Sasa tuje kwenye hilo banda la nyuma. Mnakumbuka upepo ule ulioezua bati za upande wa magharibi. Mvua ikawa inaingia, magogo ya watu yanalowa, yanakauka, yanalowa tena. Wapasuaji wakaomba bati. Na hapa naomba kwa heshima zote nimshukuru Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa sababu ametuahidi bati kila mwaka tangu wakati huo, na hajaruka hata mwaka mmoja.

Ndipo magogo yalipoanza kuota masikio. Mnaocheka mnayajua; kwa wageni, ni uyoga. Si ule uyoga laini wa kupika. Huu ni mwembamba, mkavu, una ugumu wa ngozi, hauna shina, hujibandika ubavuni mwa gogo la msonobari lililokufa, sikio juu ya sikio, kama vigae. Juu una rangi ya kijivu na vinyweleo. Chini, ukiwa mchanga, una zambarau, na ukingo wake ni zambarau iliyokolea kiasi kwamba ningekuwa na kitambaa cha rangi ile ningejishonea nguo. Ukizeeka, zambarau huisha, hubaki kahawia ya kawaida. Ni kitu kizuri, sitasema uongo.

Na sisi tuliuonaje? Mnamkumbuka Mzee Kobe, aliyestaafu msimu ule ule wa bati kung'oka? Gogo lake lilikuwa na masikio mawili matatu, machanga, yaliyotokea juzi tu, na likatoa kitanda ambacho mpaka leo hakijalia hata mara moja, mkewe ni shahidi. Basi ikawa imani ya yadi nzima: gogo likiota masikio, limeiva. Mkasema, "Linasikiliza siku ya mwenyewe." Hamkusema? Msitazame chini, mashemeji. Mlisema, nikawasikia, nikawaamini. Mtu ambaye gogo lake lilikuwa tupu mlimwonea huruma. Na la Rula je? La Rula lilivaa masikio kutoka kichwani mpaka miguuni! Nilimchukua wifi yangu nikampeleka akaone. Akazunguka gogo, akagusa ule ukingo wa zambarau, akanikumbatia akasema, "Hongera, mke wa kaka. Sasa meza imekaribia."

Miaka hiyo hiyo, kifunguamimba wetu akamaliza masomo ya uuguzi, akapata kazi mji mwingine. Mshahara wake wa kwanza aliununulia kitu, akakodi pikapu, akakileta mwenyewe, amekaa kule nyuma amekishika kisianguke barabarani. Ilikuwa meza. Ndogo, ya watu wanne, mbao za kuungaunga, rangi ya kupaka. Akaiweka katikati ya zile alama nyekundu, akaweka juu yake glasi moja ya maji, akasema, "Mama, bibi angefurahi." Nikasema angefurahi sana. Tukakaa, mimi na yeye, tukaweka viwiko juu yake, hatuna cha kula, tunacheka tu.

Baba yake akarudi kutoka kazini. Akasimama mlangoni. Jicho likapima. Akasema, "Mguu wa nyuma mfupi." Kisha akasema, "Asante, mwanangu. Lakini mahali hapa pana mwenyewe." Akaibeba meza ile kwa mikono yake, akaitoa barazani. Juma lililofuata fundi cherehani wa jirani akaiomba ya kukatia nguo, akapewa.

Binti yangu hakugomba. Alisema tu, "Sawa, baba." Jamani, mwenye binti anaijua hiyo "sawa, baba" inatoka sehemu gani ya mwili. Tangu siku ile akija nyumbani husalimia, huulizia afya, hunywa maji amesimama, huondoka. Amefanya hivyo miaka mingi, kwa adabu, hajawahi kunijibu vibaya. Ningependa siku moja anijibu vibaya, angalau akae.

Sasa nifike juma lililopita. Tulikwenda kwenye msumeno, familia na wapasuaji wote, kushuhudia gogo la mwisho. Nilivaa nguo mpya. Gogo likaletwa na foklifti, masikio yake yote juu yake, wenzake wakapiga makofi, Rula akavaa glavu, akawasha. Msonobari mkavu ukiingia kwenye msumeno hulia. Sisi wa nyumba za jirani tunaujua mlio huo, watoto wetu wamelala nao. Siku ile meno yaligusa gogo, mlio ukaanza, ukakatika. Msumeno ulikuwa unazunguka na gogo linapita, lakini hakuna sauti. Mimi nilidhani umeme umezimika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kupiga vigelegele.

Rula alijua. Niliuona mgongo wake. Alizima mashine mwenyewe, akavua glavu, akaingiza mkono kwenye ufa, akatoa kitu cheupe, vishimo vishimo, sega lisilo na asali. Akakifinya, kikawa unga. Akaingiza mkono tena, na tena, akawa anatoa unga. Na yale masikio bado yalikuwa nje, mazuri, na ukingo wake wa zambarau.

Mtaalamu wa tanuri la kukaushia mbao, yule dada wa miwani aliyekaa karibu na dirisha, alikuja akanieleza kwa upole, naye nimemwomba ruhusa niyarudie maneno yake. Alisema uyoga ule hauna shida na mti ulio hai. Hula msonobari uliokufa ukiachwa na unyevu. Sikio tunaloliona nje ni tunda lake tu; mwili wenyewe uko ndani, nyuzi nyembamba, unakula kimya kimya. Mpaka sikio litokeze nje, huko ndani karamu ilishaanza zamani. Lile la Mzee Kobe lilipona kwa sababu lilipasuliwa mapema. Nikamuuliza, na la mume wangu, lingeweza kupona? Akasema ndiyo, mama, masikio ya kwanza yalipotoka bado mlikuwa na wakati.

Bado tulikuwa na wakati. Neno hilo nimelala nalo juma zima.

Siulaumu uyoga. Hiyo ndiyo kazi yake, na bila yeye misitu ingejaa mizoga ya miti mpaka tukose pa kupita. Haukumwibia mtu. Ulikuta kitu kizuri kimewekwa, mwenyewe hakitumii, mvua inakinyeshea, ukakitumia wenyewe. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga, nami maisha yangu yote nilidhani wanazungumzia shoka.

Ninachojuta ni sisi. Najuta, nasema mbele yenu wote, na wifi yangu anisamehe kwa kuwa hili halimo kwenye karatasi yake. Tulikuwa na mama, tukamwambia asubiri. Tulikuwa na watoto watatu wenye kelele, viwiko sita vidogo, na hatukuwahi, hata mlo mmoja, kukaa wote tukitazamana. Wa kati yuko mbali, anatutazama kupitia simu ya mdogo wake pale; mwanangu, hujambo? Meza ya watu wanane! Hao watu wanane tungewatoa wapi, baba watoto? Tuliwapanga kama mbao, wao wakawa wanakua.

Na mume wangu, tangu siku ile, amehamia kwenye kiti cha mama yake. Anakaa pale chumba cha mbele, anazitazama alama zake nne. Hasemi. Nikimpa chakula anakula, sahani magotini. Na jana niliona mikono yake imeanza kutetemeka, nikaenda jikoni nikalia, maana niliijua ile picha.

Sasa nina maombi mawili, Mheshimiwa, kisha nitampa mshereheshaji kipaza sauti chake kabla hajaugua.

La kwanza ni kwa wapasuaji. Huko nyuma kuna magogo yenu. Mengine yameota, mengine bado. Shemeji yangu unayeitwa Bwana Harusi, uko wapi? Simama. Na mkeo? Yule pale. Mama, umeshapelekwa kuonyeshwa gogo? Ameshapelekwa! Loh! Amekuahidi nini? Kabati. Haya. Bwana Meneja wa Yadi, naomba kwa unyenyekevu msumeno uwashwe baada ya kazi kwa ajili ya magogo haya, yapasuliwe sasa, kila mtu apeleke kitu chake nyumbani wakati nyumbani bado kuna watu. Siku ya kustaafu mtampa mtu chochote, hata kofia. Meneja ametikisa kichwa. Kwa kukubali au kwa kukataa, Bwana Meneja? Tikisa tena. Ahsante, wote mmeona.

La pili ni kuhusu hicho kitu kikubwa kilichofunikwa kitambaa hapo nyuma ya jukwaa. Ni zawadi yetu, najua, na ni siri. Lakini mimi ni mwanamke wa nyumbani, Mheshimiwa, nikiona kitambaa nachungulia. Ni meza. Ya kung'aa, viti vinane. Najua mmeinunua baada ya kusikia yaliyotokea, na kwa huruma hiyo nawashukuru kwa mikono miwili. Naomba muipeleke kwenye kibanda cha chai cha wapasuaji. Hawa watu wanaokata mbao za meza za mji mzima wanakunywa chai juu ya debe lililopinduliwa.

Sisi nyumbani tunayo.

Baba watoto, hili hukulijua, ndiyo maana nalisema huku umezungukwa na watu, usije ukaninyanyukia. Jana alasiri nilikwenda kwa fundi cherehani. Nikamwambia, jirani, naomba ile meza. Akaondoa vitambaa vyake akanipa, hakuuliza kitu. Ina makovu ya mkasi, ina chaki ambayo nimeisugua haikutoka. Nimeiweka chumba cha mbele, katikati ya alama zako. Haizifikii. Ni ndogo, inakaa ndani ya alama na nafasi inabaki pande zote. Na mguu wa nyuma bado mfupi, ulisema kweli.

Lakini nilikwenda na yadi pia. Nilimwomba Bwana Harusi anichimbulie kwenye gogo lako, ndani kabisa, kwenye kiini. Alikuta kipande kizima, ambacho uyoga ulikuwa bado haujakifikia. Hakizidi kiganja changu. Akakiranda, kikanukia msonobari, kweli kabisa, kama siku ile uliponishika mkono. Nimekiweka chini ya mguu mfupi. Meza haichezi tena.

Inatosha watu wanne. Mimi nipo. Wewe upo. Kitindamimba yupo, na siku zote ana njaa. Kiti cha nne mwenyewe amesimama kule nyuma, karibu na mlango, na funguo za gari mkononi, kwa sababu anataka kuondoka kabla jua halijazama. Usijifiche nyuma ya nguzo, mwanangu, mama yako anakuona. Mimi nimeshamwomba akae, mara nyingi, mpaka maneno yameniishia. Na si mimi niliyesema mahali pale pana mwenyewe. Aliyesema ni wewe, baba watoto. Ni kazi yako hiyo, wala haina zamu ya kesho.

Mbona umesimama? Hapana, mshereheshaji, si wewe, kaa. Mpisheni. Wifi, sogeza mkoba wako apite. Hiyo tai ivue tu, nilikwambia asubuhi si yako. Msimpigie makofi, jamani, tafadhali, mwacheni atembee.

Amefika. Kutoka hapa siwezi kusikia anachomwambia, na ninyi pia msigeuke mkawakodolea macho. Naona midomo ya mmoja tu inatikisika, na huyo mmoja ni Rula, mtu ambaye hajasema neno juma zima. Binti yangu anatazama chini. Funguo bado ameshika. Lakini mkono wa baba yake uko juu ya hizo funguo, na binti hajautoa.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wageni waalikwa, mashemeji: nimechukua zaidi ya nilichopewa, mkanivumilia. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Chakula mlichotuandalia hapa ni kizuri, harufu yake nimeisikia tangu nilipoanza kusema. Kuleni ninyi, kuleni mshibe. Sisi leo tunakula nyumbani.